Mwamba, Ua na Vumbi: Sayansi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi

1. Utangulizi

Chuo kikuu hupimwa kwa mambo mengi: idadi ya wanafunzi wake, vyeo vya walimu wake, na wingi wa vitabu vilivyomo katika maktaba yake. Idara za sayansi, hata hivyo, zina kipimo kimoja cha ziada, nacho ni kigumu kuliko hivyo vyote. Je, zimegundua jambo gani ambalo lisingeweza kugunduliwa vizuri na watu walioko mahali pengine? Swali hili lina uzito wa pekee kwetu, kwani vyuo vyetu mara nyingi vimefundisha sayansi iliyopikwa kwingine, kwa vifaa vichache na kwa lugha ambayo mwanafunzi hakunyonya kwa mama yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa Lubumbashi, jibu la swali hilo lipo, na kwamba limo ardhini chini ya miguu yetu. Tutaeleza kwa ufupi kazi ambazo idara za jiolojia, mimea, kilimo na tiba zimefanya juu ya ardhi ya shaba ya Katanga. Tunawaandikia hasa wasomaji wa fasihi na isimu, ambao hupita kila siku mbele ya maabara bila kuingia ndani. Mwishoni tutaona kwamba kazi hizo zimefika mahali ambapo haziwezi kusonga mbele bila msaada wa watu wa lugha.

2. Chuo kilichozaliwa kando ya tanuru

Mji wa Lubumbashi, ambao zamani uliitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka uliofuata, yaani 1911, tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi kando ya mto Lubumbashi, likipokea mawe kutoka mgodi wa Kalukuluku, ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Chuo kikuu kilikuja baadaye sana. Kiliundwa kisheria mwaka 1955, kikaanza masomo mwaka 1956 kikiwa chuo rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa, na kila chuo kikapata tena uhuru wake.

Ni vema kukumbuka kwamba historia ya sayansi hapa haikuwa mstari ulionyooka. Mwezi Mei mwaka 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, na maabara zikakosa vifaa, majarida na wageni. Miaka hiyo hiyo kampuni ya Gécamines, iliyokuwa nguzo ya mkoa mzima, ilianguka. Mwaka 1986 ilikuwa imetoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, lakini mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000. Kwa hiyo msomaji anayeona orodha ya machapisho ya miaka ya 2000 na kuendelea asidhani kwamba yametoka katika raha. Yametoka kwa walimu waliobaki wakifundisha wakati mishahara haikuwa na maana, na kwa wanafunzi wao ambao baadaye walikamata uzi pale ulipokatika.

3. Kuusoma mwamba

Kazi ya kwanza ilikuwa ya wanajiolojia. Wao hutufundisha kwamba miamba ya Katanga ilianza kama matope, mchanga na chumvi vilivyotuama katika bonde kubwa lililofunikwa na maji mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Tabaka hizo wamezigawa katika makundi matatu yanayofuatana: Roan chini, Nguba katikati, na Kundelungu juu. Baadaye, kati ya miaka milioni 600 na milioni 500 hivi iliyopita, ardhi ilisukumwa, tabaka zikakunjwa na kupandishwa moja juu ya nyingine. Mkunjo huo ndio uliozaa ile tao ya miamba inayotoka upande wa Kolwezi, ikapita Likasi na Lubumbashi, na kuingia Zambia. Wanajiolojia huiita Tao la Lufilia, kwa jina la mto Lufira.

Katika tabaka za Roan shaba na kobalti zilikaa pamoja na salfa. Mahali ambapo tabaka hizo zilifika karibu na uso wa nchi, maji ya mvua na hewa vilizibadili. Shaba ikawa malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wahunzi wetu wa kale waliliyeyusha na kulimimina kuwa misalaba ya shaba. Kobalti nayo ikawa jiwe jeusi liitwalo eterojeniti, ambalo wahunzi hao hawakulihitaji, lakini ambalo leo dunia nzima inalitafuta kwa ajili ya betri. Kwa makadirio ya miaka ya 2020, takribani asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na karibu yote hutoka katika tao hilo.

Idara ya jiolojia ya Lubumbashi haikuwa mtazamaji tu katika elimu hii. Profesa Kampunzu, aliyefundisha hapa kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Botswana ambako alifanya kazi hadi kufariki kwake mwaka 2004, anatajwa popote duniani panapojadiliwa miamba ya Afrika ya Kati. Mwaka 1991, wakati nchi imo katika misukosuko tuliyoitaja, yeye na Lubala, ambaye naye alikuwa wa Lubumbashi, walihariri kitabu kikubwa juu ya miamba itokanayo na magma mahali ambapo bamba la Afrika lilivutwa na kutanuka. Kitabu hicho kilichapishwa Ulaya na kilikusanya wataalamu wa nchi nyingi. Safari ya Kampunzu inatuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba chuo kiliweza kulea wataalamu wa daraja la juu kabisa, na kwamba hakikuweza daima kuwatunza.

4. Maua yaoneshayo shaba

Msafiri anayepita baina ya Lubumbashi na Kolwezi huona jambo la ajabu. Nchi yote ni msitu wa miombo, lakini hapa na pale huchomoza kilima chenye upara, hakina miti, kimefunikwa nyasi fupi na maua. Vilima hivyo, ambavyo ni zaidi ya 100, ndivyo vilima vya shaba. Mwamba wake ni mgumu, kwa hiyo mmomonyoko umeshindwa kuusawazisha na nchi inayouzunguka. Udongo wake una shaba nyingi, kwa hiyo mizizi ya miti mingi hufa humo. Katika udongo wa kawaida kilo moja huwa na miligramu chache tu au makumi kadhaa ya shaba. Katika vilima hivi kilo moja yaweza kuwa na gramu kadhaa.

Wahunzi wa kale waliujua upara huo na kuufuata. Wanasayansi waliuliza swali jingine: ikiwa miti hufa, kwa nini mimea hii midogo haifi? Paul Duvigneaud, mtaalamu wa Ubelgiji, alichapisha mwaka 1958 uchunguzi mpana wa mimea ya udongo wenye metali wa Katanga. Baada yake François Malaisse, aliyekuwa profesa wa Lubumbashi kwa miaka mingi, aliendeleza kazi hiyo pamoja na wanafunzi wake wa Kikongo. Aliijenga pia elimu ya miombo yenyewe, hata mwaka 1997 akatoa kitabu kikubwa juu ya vyakula ambavyo watu hupata katika msitu huo: uyoga, viwavi, asali, matunda na mizizi. Akishirikiana na mwanakemia Robert Brooks wa New Zealand, alipima metali katika majani ya mamia ya mimea ya vilima vya shaba.

Matokeo yalishangaza. Majani ya mmea wa kawaida, yakikaushwa, huwa na miligramu 5 hadi 20 za shaba kwa kilo. Mwaka 1978 Malaisse, Brooks na wenzao walitangaza katika jarida la Science kwamba mmea mdogo uitwao Aeollanthus biformifolius umekutwa na hadi gramu 13.7 za shaba kwa kilo. Mwaka mmoja kabla yake, jamaa wa mrehani aitwaye Haumaniastrum robertii alikuwa ameripotiwa kuwa na takribani gramu 10 za kobalti kwa kilo. Mimea ya namna hii ilipewa jina lake katika lugha za Ulaya; sisi katika makala haya tutaiita walimbikizaji, yaani mimea ilimbikizayo metali majanini kuliko mimea mingine.

Ndugu wa mmea huo, Haumaniastrum katangense, amejulikana zaidi kwa jina la ua la shaba. Huota upesi mahali popote udongo ulipochafuliwa kwa shaba, hata kwenye majivu na makaa ya matanuru ya kale. Kwa hiyo wanaakiolojia wameutumia kama kielekezi: palipo na maua hayo mbali na mgodi, yafaa kuchimba, huenda wahunzi waliketi hapo. Swali moja lilisumbua watafiti kwa muda mrefu. Je, ua hilo linaihitaji shaba, au linaivumilia tu? Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa baada ya majaribio, ambayo watafiti wa Lubumbashi walishiriki, ni kwamba shaba huua kuvu wa udongoni wanaoshambulia mizizi ya mmea huo. Katika udongo safi adui zake humshinda. Katika udongo wa shaba adui zake hufa kwanza. Hivyo basi, kile ambacho kwa wengine ni sumu, kwake ni ngome.

5. Vumbi juu ya jani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tunaliona kuwa funzo kubwa kuliko yote. Orodha ya walimbikizaji wa Katanga ilikuwa ikirefuka. Mnamo miaka ya 2000 watafiti wa kizazi kipya, wa Ubelgiji, Ufaransa na Lubumbashi, waliuliza swali dogo ambalo mtoto angeweza kuliuliza: je, majani yale yalioshwa vizuri?

Swali hilo si la mzaha. Vilima vya shaba vina vumbi, na mimea yake ni mifupi, hukaa karibu na udongo. Mvua ikipiga, matope hurukia majani; upepo ukivuma, vumbi hukaa katika vinyweleo vyake. Chembe kidogo ya malakiti ikinata juu ya jani na kuingia katika chombo cha kupimia, mtaalamu atasoma tarakimu kubwa na kudhani kwamba mizizi ndiyo iliyoivuta shaba hiyo kutoka ardhini. Mwaka 2007 Faucon na wenzake walionyesha kwamba majani yaliyooshwa kwa uangalifu hutoa tarakimu ndogo zaidi. Mimea kadhaa iliyokuwa maarufu ikapoteza sifa yake. Mwaka 2013 wataalamu walishusha pia kiwango chenyewe cha kuuitia mmea mlimbikizaji wa shaba au kobalti, kutoka miligramu 1,000 hadi 300 kwa kilo, kwa kuwa waliona kiwango cha awali kilikuwa kimewekwa juu mno kwa metali hizi mbili.

Orodha haikufutika. Imebaki mimea inayolimbikiza kwa kweli, hasa kobalti. Lakini imepungua, na imekuwa imara kuliko ilivyokuwa. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba mafanikio ya idara ya sayansi ni kutoa tarakimu kubwa. La hasha. Idara iliyokomaa ni ile inayoweza kurudi katika kazi ya walimu wake, kwa heshima, na kuipima upya. Tena walioipima upya hawakumwaibisha mtu. Malaisse mwenyewe na wale waliomfuata wameandika pamoja.

6. Nyasi za Penga Penga

Tanuru la Lubumbashi lilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 80 likitoa moshi wenye salfa na vumbi la metali. Pepo za kusini-mashariki, ambazo hutawala mjini kwa sehemu kubwa ya mwaka, zilipeleka moshi huo upande wa kaskazini-magharibi. Huko ndiko uliko mtaa wa Penga Penga. Miti ilikufa, udongo ukabaki wazi, ukaanza kupeperushwa na kuoshwa na mvua. Ndipo hatari ilipoongezeka, kwa maana udongo ulio wazi hautulii mahali pake: huingia nyumbani, kisimani, bustanini na mapafuni.

Kuung'oa udongo wote wa mtaa na kuutupa ni kazi ambayo hata nchi tajiri hushindwa. Watafiti wa kitivo cha kilimo walichagua njia nyingine, ambayo twaweza kuiita kutuliza udongo kwa mimea. Shabaha yake si kuitoa shaba, bali ni kuizuia isitembee. Mizizi hushika udongo, majani huvunja nguvu ya matone ya mvua, na mbolea hufunga metali. Ili mtu afanye hivyo anahitaji mimea isiyokufa katika udongo huo, na hapo ndipo elimu ya vilima vya shaba ilipoacha kuwa udadisi wa wataalamu wa maua. Mimea inayohitajika ilikuwa tayari imeandaliwa na maumbile kwa muda mrefu, kilomita chache nje ya mji.

Shutcha na wenzake walijaribu nyasi tatu za asili: Microchloa altera, ambayo wakati ule iliitwa Rendlia altera, Monocymbium ceresiiforme, na Cynodon dactylon. Walitengeneza vitalu vyenye miligramu 2,500 za shaba kwa kilo ya udongo. Vingine waliviacha hivyo hivyo, vingine walivitia mboji kilo 4.5 kwa mita moja ya mraba, na vingine chokaa gramu 200. Walifuatilia nyasi hizo kwa miaka miwili. Microchloa ilisalimika kuliko zote hata mahali pasipotiwa kitu. Monocymbium ilishika nafasi ya pili. Cynodon haikuweza kuishi bila chokaa.

Sababu ya chokaa kufaa ni rahisi kuieleza. Udongo wa Lubumbashi una tindikali, na katika tindikali shaba huyeyuka, ikaingia katika maji ambayo mizizi hunywa. Chokaa hupunguza tindikali. Shaba hurudi kuwa ngumu na kukaa kimya. Shaba haikuondoka, ila imelala. Mboji nayo huishika shaba kwa namna yake na kumpa mmea chakula. Katika jaribio hilo chokaa ilipunguza shaba ya majanini na kuongeza uzazi wa nyasi kuliko mboji ya kiasi kile. Mboji ilipoongezwa hadi kilo 22.5, Microchloa ilisalimika na kuchanua zaidi, na watafiti wakapendekeza mboji na chokaa zijaribiwe pamoja. Huu ni mfano mzuri wa utafiti usiohitaji mashine za bei kubwa: nyasi za nchi, chokaa, takataka za jikoni zilizooza, na uvumilivu wa miaka miwili.

Jambo moja linatia huzuni. Vilima vilivyotoa nyasi hizo ndivyo vinavyochimbwa. Mimea zaidi ya 600 imeorodheshwa humo, na ipatayo 30 inafikiriwa kuwa haipatikani mahali pengine popote duniani. Kila kilima kinapogeuzwa shimo, huenda tunapoteza dawa kabla ya kuijua. Ndiyo maana hifadhi ya mimea mikavu ya chuo, pamoja na bustani za kutunzia mbegu, si mapambo. Ni ghala la akiba.

7. Kutoka udongoni hadi mwilini

Kazi ya nne ni ya kitivo cha tiba na shule ya afya ya jamii. Banza Lubaba Nkulu na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven, walitoa mwaka 2009 matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walichagua mkojo kwa sababu kobalti iliyoingia mwilini hutoka upesi kwa njia hiyo, kwa hiyo huonyesha yale mtu aliyoyapokea siku za karibuni. Miongoni mwa waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda, zaidi ya nusu walikuwa na kobalti kupita kipimo ambacho mfanyakazi wa kiwandani hapaswi kukipita. Kwa watoto ilikuwa karibu 9 katika kila 10. Wakati huo havikuwa vimeripotiwa viwango vikubwa kama hivyo kwa watu wa kawaida mahali popote.

Kwa nini watoto? Kwa sababu wao hukaa karibu na ardhi, huichezea, na hutia mikono kinywani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ambako wachimbaji wa mikono, wale ambao sisi sote huwaita kreseri, walichimba katikati ya nyumba za watu, ulithibitisha jambo hilo: watoto ndio waliokuwa na kobalti nyingi kuliko wote, na dalili za madhara katika chembe za urithi zilionekana kwao. Mwaka 2020 ulitoka uchunguzi mwingine uliofanyika Lubumbashi, uliolinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zionekanazo na wengine 108 wasio na kasoro. Baba kufanya kazi inayohusiana na madini kuliambatana na hatari kubwa zaidi. Uwiano uliokadiriwa ulikuwa 5.5, lakini mipaka ya makadirio hayo ni mipana, kuanzia 1.2 hadi 25, kwa kuwa idadi ya watu ilikuwa ndogo.

Tumeitaja mipaka hiyo kwa makusudi. Kobalti katika mkojo si ugonjwa, na kuambatana si kusababisha. Mwanasayansi anayeruka hatua hizi humtisha mama mjamzito bila kumsaidia. Lakini anayezitumia hatua hizi kama kisingizio cha kunyamaza naye hatendi haki, kwa sababu njia ya kupunguza vumbi haihitaji kungoja uthibitisho wa mwisho.

8. Deni la lugha

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapoitwa. Matokeo yote tuliyoyaeleza yameandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Watu wa Penga Penga na Kasulo huongea Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini darasa la sayansi hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa kemia anayeweza kueleza kwa Kifaransa namna chokaa inavyoilaza shaba mara nyingi hushindwa kumweleza shangazi yake jambo hilo hilo.

Tatizo si ukosefu wa maneno peke yake. Neno shaba ni letu kiasi kwamba mkoa mzima uliitwa Shaba tangu mapema miaka ya 1970 hadi 1997. Maneno metali, kobalti, tindikali, chokaa na mboji yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi hiyo, hata hivyo, inaingilia kwa mlango wa Kiingereza, na mwanafunzi wetu anatokea mlango wa Kifaransa. Kwa hiyo orodha ya istilahi za Kifaransa na Kiswahili kwa ajili ya jiolojia, mimea na afya ya mazingira ni kazi ambayo idara yetu ingeweza kuifanya pamoja na vitivo vya sayansi, bila kungoja mfadhili.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni la maana. Tuchukue neno sumu. Tukisema kwamba lengalenga ya bustani fulani ina sumu, msikilizaji atafikiri juu ya kitu kinachoua leo au kesho. Atatazama, ataona kwamba jirani amekula bukari na lengalenga hiyo kwa miaka na hajafa, naye atahitimisha kwamba wasomi ni waongo. Dhana inayotakiwa ni ile ya kiasi na ya muda, nayo imo katika lugha yetu tayari: haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo husemwa kwa kusifu akiba, lakini inaeleza vilevile ulimbikizaji wa metali mwilini kuliko fasili yoyote ya kitabuni.

Tuchukue pia suala la kuosha. Tumeona kwamba wataalamu walibishana kwa miaka kama shaba ilikuwa juu ya jani au ndani yake. Mama anayenunua matembele sokoni ana swali hilo hilo, ingawa haliulizi kwa maneno ya maabara. Vumbi lililo juu ya jani hupungua likisuuzwa kwa maji safi mara kadhaa. Metali iliyovutwa na mizizi haitoki kwa maji wala kwa moto, na dawa yake ni kuchagua mahali pa kulima, au kuutia udongo chokaa na mboji. Haya ni mambo mawili tofauti, yenye dawa mbili tofauti, na Kiswahili kina maneno rahisi ya kuyatenganisha: uchafu wa juu na uchafu wa ndani. Ikiwa tutatumia neno moja tu, uchafuzi, kwa yote mawili, mama ataosha mboga na kudhani amemaliza, au hataosha kabisa kwa kuwa ameambiwa haisaidii.

Kwa upande wa ufundishaji, pendekezo letu ni dogo. Kila mwanafunzi wa sayansi anayetetea kazi yake ya mwisho juu ya udongo, maji, mboga au afya ya watu wa Katanga aongeze ukurasa mmoja wa Kiswahili, ulioandikwa kwa ajili ya watu waliotoa udongo, mboga au mkojo wao upimwe. Ukurasa huo usomwe na mwanafunzi wa Kiswahili, naye aseme wazi mahali ambapo haelewi. Atakayefaidika kwanza ni mwanasayansi mwenyewe, kwa sababu asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya nyumbani kwake mara nyingi hajalielewa hata kwa lugha ya darasani.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sayansi ya Lubumbashi ilipata nafasi yake duniani kwa kuitazama ardhi yake yenyewe. Wanajiolojia waliusoma mwamba, wataalamu wa mimea wakalisoma ua, watu wa kilimo wakautuliza udongo kwa nyasi za nchi, na matabibu wakaifuata metali hadi katika mwili wa mtoto. Kila hatua ilisimama juu ya ile iliyotangulia, na hatua moja iliirekebisha iliyotangulia bila kuibomoa. Hatua inayofuata ni kuyarudisha maarifa hayo kwa wenye ardhi. Nayo, tofauti na zile za mwanzo, haihitaji tanuru, darubini wala chombo cha kupimia metali. Inahitaji watu wanaojua Kiswahili vizuri na walio tayari kuvuka ua wa kampasi kwenda kubisha hodi katika maabara.